Namna ya Kutumia Kuvu ya Uyoga Chaza Kuvunja Rangi za Kemikali katika Maji Taka ya Karakana Ndogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwenye karakana ndogo nchini Uganda: anayetengeneza batiki, anayechemsha ukindu kwa rangi kabla ya kusuka mikeka na vikapu, au fundi anayezirudishia weusi jinzi za mitumba. Mtu huyu humwaga jerikeni chache za maji ya rangi kila siku ya kazi, na kiasi hicho ndicho kinachoshughulikiwa hapa. Kiwanda kinachotoa maelfu ya lita kwa siku kinahitaji mhandisi na mtambo wa kusafishia, na mapipa yatakayoelezwa hapa chini hayatakifaa.

Maji hayo yakishamwagwa hayapotei. Jijini Kampala mitaro mingi huishia katika mfereji wa Nakivubo, nao mfereji huo humiminika katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, ambako Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka, NWSC, huteka maji ya kusambaza mjini kupitia mitambo ya Ggaba. Rangi za kemikali zimeundwa makusudi zisichujuke kwa jua, kwa sabuni wala kwa jasho, kwa hiyo ni vigumu kutarajia zichujuke zenyewe zikiwa mtaroni. Nyingi kati yake ni za jamii ya azo, yaani sehemu za molekuli zake zimeunganishwa kwa jozi ya atomi za nitrojeni, na zikizama katika tope lisilo na hewa, bakteria hukikata kiungo hicho na kuacha vipande viitwavyo amini za aromatiki. Baadhi ya vipande hivyo, benzidini ikiwa mfano unaojulikana sana, husababisha saratani. Maji yanaweza basi kupoteza rangi na yakawa na madhara zaidi kuliko yalipokuwa mekundu, na jambo hilo linapaswa kukumbukwa katika kila hatua inayofuata.

Kuvu inavyofanya kazi

Kuvu zinazofaa ni zile zinazoozesha mti hadi ukabaki mweupe na wenye nyuzinyuzi. Hizo ndizo zinazoweza kuvunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu wake. Kwa kuwa lignini ni molekuli kubwa isiyo na mpangilio maalumu, kuvu hizi haziimezi bali hutoa nje ya nyuzi zake vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) visivyochagua sana, ambavyo hushambulia karibu kila kitu chenye umbo la kemikali linalofanana na la lignini. Molekuli za rangi nyingi zina umbo hilo. Kimeng'enya kiitwacho lakasi, ambacho kina shaba ndani yake, huchukua elektroni kutoka kwenye rangi na kuzipeleka kwenye oksijeni ya hewa, nayo oksijeni hugeuka kuwa maji. Vingine, vya jamii ya peroksidesi, hutumia peroksidi ya haidrojeni ambayo kuvu yenyewe huitengeneza. Mnamo 1983 watafiti walionyesha kwamba kuvu iitwayo Phanerochaete chrysosporium inaweza kuondoa rangi kadhaa za kemikali, na mnamo 1990 ikaonyeshwa kuwa inaweza kuzishambulia hata rangi za azo.

Kuvu hiyo si rahisi kuipata mjini. Uyoga chaza, Pleurotus ostreatus, ni wa kundi hilo hilo la kuozesha miti, una lakasi na peroksidesi zake, na wakulima wengi wa Uganda tayari wanaufuga katika mifuko ya maganda ya mbegu za pamba. Halijoto ya Kampala, ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 17 na 28 za Selsiasi mwaka mzima, inaufaa bila kuuwekea joto wala ubaridi. Ndiyo sababu mwongozo huu unautumia uyoga huo, ingawa zipo kuvu zinazofanya kazi kwa kasi zaidi katika maabara.

Hatua ya kwanza: zijue rangi zako na uyatenge maji yake

Muulize anayekuuzia rangi jina kamili lililoandikwa kwenye mkebe mkubwa anamopimia, kwa kuwa vipakiti vya unga vinavyouzwa sokoni mara nyingi havina maelezo yoyote. Rangi za pamba zinazohitaji chumvi na soda ashi ili zishike, ambazo wauzaji huziita riaktivu, zinafaa kwa njia hii. Miongoni mwake za jamii ya antrakwinoni, hasa buluu angavu, huvunjika upesi kiasi kwamba moja yake imekuwa kipimo cha kawaida cha maabara cha kutambua kama kuvu ina lakasi. Nyeusi ni kaidi: ile iitwayo Reactive Black 5 haivunjwi na lakasi peke yake bila kemikali ya kusaidia, ila peroksidesi za uyoga chaza huiweza, kwa hiyo itarajie kuchelewa. Nili nayo huvunjika vizuri.

Rangi za kibeizi, yaani zile ambazo molekuli zake zina chaji chanya, kama zambarau ya kristali, zichukulie kwa hadhari. Hiyo ndiyo ile ile dawa ya zambarau inayopakwa kwenye utando mweupe wa kinywani mwa watoto, na inapakwa huko kwa sababu inaua fangasi. Ukiimimina juu ya kuvu yako ikiwa nzito, utakuwa unaitibu karakana nzima. Ikiwa imezimuliwa sana kuvu huweza kuivunja, lakini ianze katika chupa ya majaribio, si katika pipa. Rangi zenye metali, kama shaba au kromu, usizilete kabisa katika mfumo huu. Kuvu inaweza kuipasua molekuli, lakini metali haipasuki: itabaki katika maji au katika maganda, na utakuwa umeihamisha tu.

Kuna maji mengine ambayo ni lazima yakae katika vyombo vyake pekee, nayo ni maji yenye dawa ya kung'arisha nguo kama jiki, maji ya rangi za salfa ambazo hutumika sana kwa nyeusi ya jinzi, na maji yenye haidrosulfaiti ambayo hutumika kuyeyushia nili au kuondolea rangi ya zamani. Sababu si kuvu peke yake. Hatua ya tatu itatia asidi katika maji, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ikikutana na rangi ya salfa hutoa salfidi ya haidrojeni, ambayo inaweza kumuua mtu aliyeinama juu ya pipa, na ikikutana na haidrosulfaiti hutoa dioksidi ya salfa inayochoma mapafu. Maji ya haidrosulfaiti unaweza kuyaokoa kwa kuyaacha katika beseni pana na kuyakoroga mara kwa mara hadi siku ya pili, ili hewa iimalize kemikali hiyo. Kwa nili utaona rangi ya manjano-kijani ikirudi kuwa buluu na unga wake ukianza kutuama chini. Maji ya salfa na ya jiki hayana nafasi katika mwongozo huu.

Wanaochapa batiki kwa uji wa rangi uliotiwa yurea watenge pia maji ya kuoshea kazi hiyo. Yurea ni chakula cha bakteria, na bakteria ndio adui mkubwa wa kuvu katika chombo kisichofunikwa.

Hatua ya pili: punguza kinachoingia

Katika rangi za riaktivu, sehemu ambayo haikushika kwenye kitambaa inaweza kufika kati ya asilimia 10 na 40, na yote hiyo huondoka na maji. Kila gramu utakayoifanya ishike kwenye kitambaa ni gramu ambayo kuvu haitalazimika kuivunja. Ukifunga kitambaa kilicholowa rangi katika karatasi ya plastiki na kukiacha usiku kucha kabla ya kukisuuza, rangi hupata muda wa kushika zaidi. Pima rangi kwa mizani, usipime kwa kijiko kilichorundikwa. Mambo haya hayagharimu chochote, na kwa maoni yangu karakana ambayo haijayafanya haina haja bado ya kununua pipa.

Kisha ukabili suala la chumvi. Maji ya rangi ya riaktivu huweza kuwa na gramu 60 za chumvi kwa lita na gramu 20 za soda ashi, na kloridi iliyomo katika chumvi huizuia lakasi kufanya kazi. Huhitaji kipimo cha kununua, kwa kuwa chumvi uliitia mwenyewe na unaweza kupiga hesabu. Lengo langu ni kutozidi gramu 10 kwa lita, na chini ya hapo ni bora zaidi. Jerikeni moja ya lita 20 yenye gramu 60 kwa lita inabeba kilo 1.2 za chumvi, kwa hiyo ni lazima izimuliwe hadi lita 120, yaani jerikeni sita. Usizimue kwa maji safi ya bomba unayoyalipia. Tumia maji ya suuza ya pili, ya tatu na ya nne, ambayo ungeyamwaga hata hivyo na ambayo yana chumvi kidogo tu. Hesabu hii huwakatisha wengi tamaa, kwani inaonyesha wazi kwamba jerikeni moja ya maji mazito ni kazi ya karibu wiki nzima kwa pipa moja, lakini ni afadhali kuijua mapema kuliko kuua kuvu siku ya kwanza.

Hatua ya tatu: poza maji na ushushe pH

Maji yaliyochemshwa yaachwe hadi yapoe kabisa, yawe chini ya nyuzi 30. Soda ashi huyafanya yawe na pH ya 10 au 11 (pH ni kipimo cha uasidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alikali), ilhali kuvu hii hupendelea kati ya 4.5 na 5.5. Nunua karatasi za kupimia pH katika maduka ya vifaa vya maabara za shule, na uchague zinazoonyesha tofauti ndogo, kwa kuwa zile za rangi mbili tu, nyekundu na buluu, hazitoshi. Maji yenye rangi hupaka karatasi. Gusisha ncha yake tu, kisha usome sehemu ambayo unyevu umepanda juu ya rangi.

Watu wengi hukimbilia siki. Fanya hesabu kwanza. Jerikeni iliyokwisha kuzimuliwa mara sita bado ina takriban gramu 66 za soda ashi, na kuishusha hadi pH 5 kwa siki ya asilimia 5 kutahitaji karibu lita mbili na nusu za siki. Asidi ya sitriki ya unga, inayouzwa kwa watengenezaji wa juisi na jemu, itafanya kazi hiyo kwa gramu 150 hivi. Itie kidogo kidogo huku ukikoroga, ukiwa nje penye hewa, na ndoo isijae zaidi ya theluthi mbili, kwa sababu maji yatatoa povu jingi wakati soda inapoachia dioksidi ya kaboni. Subiri povu litulie ndipo upime tena.

Baadhi ya mafundi hutumia asidi ya betri kwa kuwa ni nafuu. Ikiwa huna njia nyingine, iwe mpya kabisa, maana iliyotoka kwenye betri kuukuu ina risasi; vaa glavu za mpira na miwani ya kukinga macho; na mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Mimi binafsi sioni sababu ya karakana ya familia, ambamo watoto hupita wakitoka shule, kuweka chombo cha asidi hiyo.

Hatua ya nne: pata kuvu iliyo hai

Njia iliyo rahisi ni kununua kwa mkulima wa uyoga mifuko ambayo imekwisha kuwa myeupe yote lakini haijavunwa zaidi ya mara moja. Iliyovunwa mara tatu au nne atakupa bure kwa furaha, nayo ina vimeng'enya bado, ila imechoka, mara nyingi ina wadudu wadogo na ukungu wa kijani, na haitadumu. Ukiushika mfuko mzuri utaona nyuzi nyeupe zimeyafunga maganda yakawa kama tofali moja linalonesa kidogo ukilibonyeza. Ukilimega, pande zote mbili za mpasuko ni nyeupe hadi katikati, na harufu yake ni ya uyoga mbichi. Ukisikia harufu ya uchachu kama ya togwa iliyopitiliza, au ukiona doa la kijani hata liwe dogo, uache.

Anayetaka kuotesha mwenyewe anunue mbegu ya uyoga, ambayo kwa kawaida hukuzwa juu ya punje za mtama. Aloweke maganda ya mbegu za pamba usiku kucha, ayachuje hadi ukiyakamua kiganjani yatoe matone machache tu, ayafungashe katika mifuko ya plastiki ya kilo mbili, na kuipika kwa mvuke katika pipa la chuma kwa saa nne au zaidi. Yakipoa kabisa atie mbegu kwa mikono iliyooshwa, kisha aiweke mifuko penye giza na hewa tulivu kwa wiki tatu hadi nne. Hakuna faida ya kuharakisha hatua hii. Kuvu ambayo haijaenea yote huachia nafasi wazi, na bakteria wa maji taka watazijaza kabla yake.

Hatua ya tano: jaribio la chupa nne

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo pekee inayokuambia kama rangi imevunjwa au imefyonzwa tu. Maganda ya pamba, hata yakiwa mafu kabisa, hunyonya rangi kama kitambaa kinavyoinyonya. Anayeona maji yametoka yakiwa yamekwajuka na kufurahi, pengine ametia rangi maganda.

Chukua chupa nne za plastiki angavu zilizokatwa shingo. Ya kwanza itie nusu lita ya maji ya rangi yaliyokwisha kurekebishwa pH, bila kitu kingine. Ya pili itie nusu lita ya maji hayo hayo pamoja na gramu 50 za maganda yenye kuvu ambayo umeyachemsha kwa nusu saa na kuyapoza, ili yawe mafu. Ya tatu iwe na maji ya rangi na gramu 50 za maganda yenye kuvu hai. Ya nne iwe na maji ya kawaida na gramu 50 za maganda yenye kuvu hai, kwa sababu maganda yenyewe hutoa weusi-weusi wa chai ambao ungeweza kuudhania rangi iliyosalia. Funika midomo kwa kitambaa chepesi, ziweke kivulini, na uzitikise asubuhi na jioni.

Pembeni tengeneza ngazi ya rangi. Chukua maji yako ya awali, uyazimue kwa nusu, kisha nusu ya nusu, na kuendelea hadi upate chupa sita pamoja na ile ya maji ya awali, ya mwisho ikiwa na sehemu moja tu kati ya thelathini na mbili. Zipange mbele ya karatasi nyeupe penye mwanga wa mchana. Kila unapokagua, chuja maji kidogo ya kila chupa kwa kitambaa na uyalinganishe na ngazi hiyo, ukikumbuka kuangalia ya nne ili ujue ni weusi gani wa maganda wa kupuuza.

Kagua baada ya saa 24, siku ya tatu na siku ya saba. Kwa kawaida chupa ya pili na ya tatu zitashuka pamoja siku ya kwanza, kwa kuwa kufyonza ni kwa haraka. Baada ya hapo ya pili husimama, na ya tatu, kama kuvu inafanya kazi, huendelea kushuka. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi ya kuvu. Mwishoni kamua maganda ya chupa zote mbili na uyaweke juu ya karatasi: ya pili yatakuwa yamebeba rangi iliyokolea, na ya tatu, ambayo siku ya kwanza nayo yalikuwa yamepakwa, yatakuwa yamerudia weupe au ukahawia wake. Yasiporudia, usijenge pipa kwa rangi hiyo. Zimua zaidi, shusha chumvi, na ujaribu upya.

Hatua ya sita: kujenga pipa na kuliendesha

Tafuta pipa la plastiki la lita 200 ambalo halikuwahi kubeba dawa ya kuulia wadudu. Litoboe chini, ulipandishe juu ya matofali, na uweke beseni la kupokelea. Ndani, tandika changarawe iliyooshwa kwa kina cha sentimita 15, kisha wavu. Simamisha mabomba mawili au matatu ya plastiki yaliyotobolewa matundu ubavuni, yafike kutoka kwenye changarawe hadi juu ya pipa, ili hewa ishuke hadi chini. Mega maganda yenye kuvu vipande vya ukubwa wa ngumi, usiyaponde, na uyajaze katika mifuko ya wavu ya vitunguu. Mifuko ishirini hivi ya kilo mbili itatosha pipa moja. Funika kwa wavu wa mbu, kisha paa la bati au turubai, maana mvua ya alasiri moja ya Kampala inaweza kuosha kila ulichokijenga.

Maji yadondoke kutoka juu, yasijae. Lakasi bila oksijeni haina pa kupeleka elektroni, na maganda yaliyozamishwa kutwa huanza kunuka siku ya pili au ya tatu. Weka jerikeni yenye bomba dogo la kufungia, lirekebishe hadi lita 20 zitumie saa nne au tano kupita, kisha rudisha maji yaliyopokelewa na uyapitishe tena, mara tatu au nne, ukilinganisha na ngazi ya rangi kila baada ya mpito. Anza na jerikeni moja kwa siku kwa wiki ya kwanza, tena iliyozimuliwa zaidi ya kawaida. Mipito hiyo ikiisha liache pipa lipumzike hadi siku inayofuata. Mwenye nafasi ajenge mapipa mawili na kuyapokezanisha.

Utasikia ushauri wa kuongeza vitu. Molasi na samadi vitawanenepesha bakteria. Salfeti ya shaba kwa kiasi kidogo kabisa ni kweli huichochea kuvu itoe lakasi nyingi, na katika maabara hutumika. Katika karakana isiyo na mizani ya miligramu itaua kuvu au itatoka na maji, na yote mawili ni hasara. Usiongeze kitu.

Pipa litachoka. Dalili zake ni ukungu wa kijani unaosambaa, harufu ya uchachu au ya yai viza, maganda yaliyolainika na kushikana, na ngazi ya rangi inayoonyesha kwamba mipito minne haifiki pale ilipokuwa ikifika kwa miwili. Ukiona lolote kati ya hayo badilisha maganda yote, kwa kuwa kuchanganya mapya na yaliyooza ni kuyaambukiza.

Hatua ya saba: maji yanayotoka

Maji haya bado hayajawa tayari kumwagwa. Yana chumvi yote iliyoingia, yana asidi, na yana ukahawia wa maganda pamoja na mabaki ya molekuli zilizopasuliwa, ambayo huweza kuongeza kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuyaozesha. Yapandishe pH hadi karibu na 7 kwa chokaa kidogo, yapitishe katika ndoo ya mchanga safi, kisha katika kitanda cha changarawe kilichozibwa chini kwa plastiki na kupandwa mafunjo au matete. Kitanda hicho uchimbe ndani ya kiwanja chako. Bwawa la asili lililo nyuma ya nyumba si sehemu ya mfumo wako, na sheria ya mazingira inalilinda.

Kipimo cha sumu ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya ni cha mbegu. Tandika kitambaa chenye unyevu katika sahani tatu: moja yenye maji safi, ya pili yenye maji yaliyotoka kwenye kitanda, na ya tatu yenye maji safi uliyoyatia chumvi kwa kiwango kile kile ulichokipigia hesabu. Panga mbegu 20 za sukuma wiki katika kila sahani, zifunike, na baada ya siku tano hesabu zilizoota na upime mizizi kwa rula. Ikiwa sahani ya pili iko nyuma ya ile ya chumvi, basi kuna kitu zaidi ya chumvi kinachozuia, na maji hayo yarudi kwenye pipa hata kama yanaonekana angavu kama ya chemchemi.

Viwango rasmi vya maji yanayoruhusiwa kumwagwa huwekwa na kanuni zilizo chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Zile za 1999, zilizofuatwa na nyingine mpya za 2020, zilitaka pH kati ya 6 na 8 na zikaweka ukomo hata wa rangi yenyewe. Peleka chupa ya maji yako katika maabara inayotambuliwa kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba yamefikia kiwango, na uombe vipimo vya pH, oksijeni inayohitajika, rangi, na metali kama huna hakika na unga unaoununua. Aliyeunganishwa na bomba la maji taka la NWSC azungumze nao kwanza, kwa kuwa maji ya kazi hayahesabiwi sawa na ya nyumbani.

Hatua ya nane: maganda yaliyotumika

Uyoga utachipuka ubavuni mwa pipa, tena mnene na wa kuvutia. Usiuvune kwa chakula, usimpe jirani, na usiuache kuku waufikie. Maganda yaliyoondolewa yasilishwe ng'ombe wala yasichomwe jikoni. Yarundike kivulini juu ya plastiki, yanyweshwe maji kidogo yasikauke, na uyaache miezi kadhaa, kwa kuwa kuvu iliyosalia itaendelea kuvunja rangi iliyofyonzwa. Baada ya hapo yanaweza kufukiwa chini ya miti ya kivuli au maua, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga. Ikiwa una shaka kwamba rangi zako zilikuwa na metali, yafunge katika gunia na uulize ofisi ya mazingira ya wilaya yapelekwe wapi, kabla hujachimba shimo lolote.